Rahisi kwa Nani? Kinasa Video cha Familia kati ya Ughaibuni na Buyenzi

Neno "video" liliingia katika Kiswahili likiwa limebeba mizigo mingi kwa mpigo, kwa sababu mzungumzaji yuleyule hulitumia kwa kanda aliyoihifadhi kabatini, kwa deki inayoicheza kanda hiyo, kwa kibanda ambamo watu hulipa kiingilio watazame filamu, na kwa kamera anayobeba kijana mmoja begani siku ya harusi. Katika makala haya, kinasa video ni chombo kinachonasa picha zinazotembea pamoja na sauti zake, kikiwa mali ya nyumba na kikitumiwa na watu wa nyumba hiyo wasiolipwa kwa kazi hiyo. Mpaka huu unafaa kuwekwa mapema, kwa kuwa tofauti kati ya namna familia ya Warundi iliyohamia Brussels au Ottawa inavyokichagua chombo hicho na namna ndugu zake waliobaki Buyenzi, mtaa wa Bujumbura nchini Burundi, wanavyokipokea huanzia hapohapo kwenye maana: kwa waliohamia video ni kifaa cha nyumbani, na kwa waliobaki video ni kazi ya mtu.

Neno la pili linalostahili kuangaliwa ni "rahisi", ambalo Kiswahili kimelipa kazi mbili, kwa maana kitu rahisi ni kile kisichosumbua na pia ni kile kisicho cha bei kubwa. Muuzaji wa dukani hunufaika na utata huo, kwani mteja anayeulizia kamera rahisi hupewa ya bei ndogo, akarudi nyumbani akiamini amepewa inayoweza kutumiwa na yeyote. Sifa hizo mbili hugombana mara nyingi. Kamera ya bei ndogo sana huwa na kihisi kidogo, yaani kile kibamba cha ndani kinachogeuza mwanga kuwa picha, na kwa hiyo jioni, chini ya balbu moja ya barazani, hutoa picha yenye chengachenga mpaka mtumiaji aingie kwenye mipangilio na kuihangaikia, ilhali iliyogharimu zaidi hujirekebisha yenyewe. Lakini hata hiyo ya bei kubwa si nyepesi kila mahali, kwa sababu wepesi wa kinasa video hutegemea nyumba kinakokwenda kukaa: mikono itakayokishika, umeme utakaokichaji na mahali ambapo picha zake zitatazamwa.

Buyenzi ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Bujumbura, na mageuzi ya kiutawala ya 2014 yaliufanya zoni ndani ya komini ya Mukaza. Ilipangwa wakati wa utawala wa Wabelgiji kwa ajili ya watu wa mjini waliozungumza Kiswahili, wengi wao Waislamu wenye asili ya Manyema, Ujiji na kwingineko, na hadi leo Kiswahili ndicho lugha ya barazani na sokoni pale, Kirundi kikiwa karibu na Kifaransa kikibaki cha shule na ofisi. Barabara zake zimenyooka na hutajwa kwa namba, avenyu hii na avenyu ile. Gereji na maduka ya vipuri yamejaa, na soko la Ruvumera limeelemewa zaidi tangu soko kuu la mji lilipoungua tarehe 27 Januari 2013. Jambo lenye uzito zaidi kwa mada hii ni lupango, yaani uwanja mmoja uliozungushiwa ukuta ambamo vyumba vya kaya kadhaa hutazamana, bibi mwenye nyumba, watoto wake waliooa, na wapangaji. Aliye ughaibuni anaposema ananunua kamera "ya familia", huwa na picha ya baba, mama na watoto wawili sebuleni. Lupango humaanisha mikono kumi na kitu, mingine ya watoto ambao hawataomba ruhusa.

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini kinasa video kiliingia nyumbani kwa njia ya mtoto. Mwanasosholojia wa Ufaransa Pierre Bourdieu, katika uchunguzi juu ya upigaji picha aliouchapisha pamoja na wenzake mwaka 1965, alionyesha kwamba kaya zenye watoto ndizo zilizoelekea zaidi kumiliki kamera, na Mmarekani Richard Chalfen, katika kitabu chake cha 1987, aliifanya picha ya nyumbani kuwa somo linalojitegemea, lenye kanuni zake za nani apige, nani apigwe na nani aonyeshwe. Viwanda viliifuata hali hiyo. Mwaka 1983 Sony ilitoa Betamovie, iliyounganisha kamera na kinasa katika umbo moja la kubebwa begani, ingawa haikuweza kuicheza kanda iliyoirekodi. Mwaka uliofuata JVC ikaleta kamera ya kaseti ndogo za VHS-C ambayo iliweza, na mwaka 1985 Sony ikaingia na kanda za milimita 8. Kutoka hapo mashindano yakawa ya kupunguza uzito na vitufe.

Kilele cha mashindano hayo ni Flip Video, iliyotolewa 2007 na kampuni ya Pure Digital ya Marekani. Ilitosha mfukoni, mgongoni ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa chekundu, haikuwa na kanda wala kadi ya kuchomoa, na ubavuni ilichomoza mkono wa USB uliochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Baadhi ya matoleo yake yalitumia betri ndogo zilezile za rimoti. Cisco iliinunua kampuni hiyo 2009 kwa dola milioni 590 hivi, kisha Aprili 2011 ikaifunga biashara hiyo ya kamera, kwa kuwa simu zilikuwa zimeanza kufanya kazi ileile bila mtu kubeba kifaa cha pili. Flip ilikuwa nyepesi kwa nyumba yenye kompyuta mezani. Penye lupango lisilo na kompyuta, kumbukumbu yake ya ndani ikijaa mambo husimama, na kitufe chekundu hakina la kufanya. Mashine iliyosifiwa kwa wepesi kuliko zote ilikuwa imeiachia mashine nyingine nusu ya kazi yake, na wasifiaji hawakuiona nusu hiyo kwa sababu kwao kompyuta ilikuwepo tayari.

Nyumbani Buyenzi historia ilikwenda kwa mlango mwingine. Video ilifika kama huduma: mtu mwenye kamera alikodiwa kwa ajili ya posa, nikahi au sherehe ya kukabidhi mahari (inkwano kwa Kirundi), akaja na taa yake kali na waya mrefu, akazunguka kati ya wageni akitoa amri za nani akae wapi, na siku kadhaa baadaye akaleta kaseti, baadaye diski, na siku hizi flashi, ikiwa imekwisha kupangwa, na majina ya maharusi yakielea juu ya maua. Watu wa Bujumbura humwita kamerameni, na heshima yake siku ya shughuli haiko mbali na ya mshenga. Kulipia kazi yake kulikuwa sehemu ya gharama ambazo ndugu na marafiki huchangia, mchango ambao Kirundi huuita intwererano. Mantiki yake ni ya kijamii: video si kumbukumbu ya watu wawili, ni ushahidi kwamba waliochanga walifika, walikaa mahali panapostahili na walilishwa. Ndiyo sababu kamerameni wa Bujumbura hupita meza kwa meza akimpa kila mgeni sekunde zake, jambo ambalo Mbelgiji akilitazama huliona la kuchosha, na ndiyo sababu mgeni aliyekosekana kwenye video hulalamika kwa haki.

Kwa hiyo kamera ndogo inapofika lupangoni kutoka Ulaya ikiwa zawadi, huwa imevuka kutoka mpango mmoja kwenda mwingine, na anayepokea hukabidhiwa kazi ambayo hapo kabla ililipiwa. Matokeo yake huonekana kwenye kitufe. Kamera nyingi za video hutumia kitufe kilekile kuanza na kusimamisha, na tofauti huonyeshwa kwa herufi ndogo pembeni mwa kioo: STBY maana yake mashine inangoja, REC maana yake inarekodi. Mtu asiyezizoea herufi hizo hubonyeza bwana harusi anapoingia, akiamini ameanza, kumbe mashine ilikuwa imeanza dakika mbili nyuma mtoto alipoichezea, na kubonyeza kwake kumeizima. Kisha huishusha ikining'inia mkononi na kubonyeza tena "kuzima", ikaanza. Anayeitazama kanda hiyo usiku hukuta nusu saa ya mchanga wa uwanjani, pindo za kanga na jozi za kandambili zikipita, sauti za shangwe zikitoka mbali, na nikahi yenyewe haimo. Kosa hilo halina uhusiano na elimu wala umri. Limewapata maprofesa wa Leuven, Ubelgiji, vilevile. Lakini Leuven mwenye kamera ataizoea, kwa kuwa huishika kila Jumapili, ilhali Buyenzi kamera hushikwa siku kubwa tu, yaani siku ambayo kosa halina marudio. Anayetaka kupima wepesi wa kinasa video kwa ajili ya nyumba ya namna hiyo na aangalie jambo hili kwanza, kabla ya idadi ya pikseli: je, mtu aliye hatua mbili pembeni anaweza kutambua kwamba mashine inarekodi? Taa nyekundu ya mbele, kioo kinachozungukwa na mstari mwekundu, au mlio wa kuanza, vina thamani kuliko sifa kumi zilizoandikwa kwenye boksi.

Lugha ya menyu ni sehemu ya suala hilohilo. Kamera zinazouzwa Ulaya huja na Kifaransa na Kiingereza, na msomi wa Buyenzi hana shida navyo, ila bibi aliyesoma chuoni kwa ustadhi, anayeisoma Kurani bila kukwama, hatofautishi neno la kufuta na neno la kuhifadhi katika Kifaransa cha mashine. Simu nyingi za Android, kwa upande wake, zinaweza kuwekwa katika Kiswahili, na faida hiyo hutajwa mara chache na wanaotoa ushauri wa kununua kamera, pengine kwa sababu wote huandika kwa lugha ambazo menyu zimeshazijua.

Umeme ni habari ndefu zaidi. Burundi hutumia volti 220 zenye mizunguko 50 kwa sekunde, karibu sawa na mfumo wa Ubelgiji, na soketi nyingi hupokea plagi za Ulaya. Hivyo chombo kilichonunuliwa Brussels huchajiwa Bujumbura bila adha, endapo REGIDESO, shirika la maji na umeme, halijakata. Marekani na Kanada hutumia volti 120 na mizunguko 60. Kwa chaja za sasa volti si tatizo, maana nyingi huandikwa 100–240V, na mtu anaweza kulisoma andiko hilo mgongoni mwa chaja kabla ya kuichomeka. Deki za zamani za Kimarekani zisizo na andiko hilo zilikuwa zikiungua mara ya kwanza zinapowashwa. Tatizo lililobaki ni la mizunguko, na wengi hawalijui. Taa zinazoendeshwa na umeme wa mizunguko 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliioni, lakini kamera iliyoundwa kwa soko la Amerika hupiga fremu 30 au 60 kwa sekunde, fremu zikiwa ni picha moja moja zinazofuatana mpaka zionekane zinatembea, na hesabu hizo mbili zisipooana huzaliwa michirizi ya giza inayopanda na kushuka ukutani muda wote wa shughuli. Baadhi ya kamera na simu huruhusu kuchagua 50 badala ya 60, au PAL badala ya NTSC, majina ya mifumo ya televisheni ya zamani ambayo yamebakia kwenye menyu. Nyingine zilizouzwa Amerika zimefungwa na hazibadiliki. Warundi wengi walioko Marekani walitokea kambi za magharibi mwa Tanzania, wakiwemo wale wa kizazi kilichokimbia mauaji ya 1972 nchini Burundi ambao Marekani ilianza kuwapokea 2007, na mizigo yao kwenda kwa jamaa ni mingi. Mtu wa Ottawa au Phoenix anayenunua kamera kwa ajili ya Buyenzi hana budi kuuliza habari ya 50 dukani, hata kama muuzaji atamshangaa.

Kuhusu betri, kanuni ni fupi: chombo kinachochajiwa kwa waya uleule wa simu kinashinda chombo chenye chaja ya pekee, kwa sababu waya wa simu haukosekani Ruvumera, na chaja ya pekee ikipotea kamera hugeuka pambo la kabati. Pawabenki iliyojazwa usiku umeme ulipokuwepo huiokoa sherehe ya mchana.

Baada ya kurekodi hufuata suala la mafaili, na hapa ndipo zawadi nyingi kutoka ughaibuni hukwama. Mfumo wa AVCHD, ambao Sony na Panasonic waliutangaza 2006, hutoa picha nzuri lakini huzificha ndani ya mabegi manne ya mafaili, moja ndani ya jingine, na mtu anayeichomeka kadi hiyo kwenye televisheni ya sebuleni mara nyingi huambiwa hakuna kitu. Mfumo wa MP4 huonekana kama faili la kawaida na huchezwa na karibu kila kifaa, simu ikiwemo. Isitoshe, kadi za kumbukumbu za hadi gigabaiti 32 kwa kawaida hupangwa kwa utaratibu usioruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4, na kwa ubora wa kawaida wa megabiti 17 kwa sekunde kiasi hicho hujaa baada ya nusu saa na dakika chache, ambapo kamera hufungua faili jipya bila kusema. Khutba ya nikahi na maneno ya wazee hukatika vipande vitatu au vinne. Anayenakili cha kwanza tu akaifuta kadi amepoteza mahari. Saa moja kwa ubora huo huchukua gigabaiti 7 na nusu hivi, mzigo ambao kwa intaneti ya simu hautumiki kwa bei ya kustahimilika, na WhatsApp, inayozibana video ili zipite, huharibu sura za watu wa nyuma kabisa. Kutuma video kama faili la hati huuacha ubora ulivyo, na tangu 2022 WhatsApp inakubali hadi gigabaiti 2 kwa faili, lakini njia inayotegemewa bado ni ile ya zamani: flashi ndani ya soksi, ndani ya sanduku la msafiri.

Lipo jambo ambalo washauri wa kamera wa Ulaya hulipa mstari mmoja tu, na kwa Burundi lingestahili nusu ya kitabu, nalo ni sauti. Katika sherehe ya Kirundi ya kuomba mchumba, kila familia huteua msemaji, na wasemaji hao hujibizana kwa muda mrefu kwa adabu, mafumbo na methali za ng'ombe, mmoja akijifanya hajui wageni wamefuata nini na mwenzake akizunguka kabla ya kutaja; familia za Buyenzi, zenye posa na nikahi za Kiislamu, nazo hazikosi wazee wa kunena, na katika ndoa za kuchanganya asili mbili mitindo hiyo hukutana uwanja mmoja. Kwa jicho, hakuna kinachotokea: watu wamekaa. Kila kitu kimo katika maneno. Kamera inayorekodi sura safi na maneno ya mzee yakimezwa na pikipiki za avenyuni, jenereta ya jirani na watoto walio karibu na lenzi imerekodi viti. Maikrofoni iliyojengwa ndani ya kamera hupokea kilicho karibu nayo, na msemaji huwa mita nane mbele. Dawa yake ni kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola au kanzu, kinachopeleka sauti bila waya hadi kwenye simu, au hata simu ya pili ikirekodi sauti peke yake mfukoni mwa msemaji. Kamera nyingi za bei ya chini hazina tundu la maikrofoni ya nje. Sony HDR-CX405, kwa mfano, iliyoingia sokoni 2015, imependwa na familia kwa sababu nzuri: lenzi yake huvuta picha mara 30, hurekodi MP4 sambamba na AVCHD, na waya wa USB umefichwa ndani ya mkanda wake wa mkononi hivi kwamba haupotei, hata hivyo tundu la maikrofoni haina, na kwa maneno ya wazee hilo ni pengo kubwa. Kamera za picha za mnato zenye uwezo wa video nazo zilikuwa na ukomo wake: zilizouzwa Ulaya kwa miaka mingi zilijizima kwenye dakika 29 na sekunde 59, kwa kuwa iliyoweza kufika dakika 30 ilihesabiwa na forodha kuwa kamera ya video na kutozwa ushuru. Msemaji wa familia aliyefika dakika ya thelathini ndiyo kwanza anawafikia ng'ombe.

Suala la nani apige na nani aone lina sheria pande zote mbili, ila sheria za aina tofauti. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018 huziacha nje shughuli za kibinafsi na za nyumbani, na mzazi anaweza kumrekodi mwanawe akizima mishumaa bila kumuuliza mtu. Lakini Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilishaamua 2003, katika shauri lililotoka Sweden, kwamba kuweka habari za watu kwenye mtandao unaofikiwa na kila mtu si shughuli ya nyumbani tena. Hivyo shule nyingi huwataka wazazi waweke kamera chini mchezo wa watoto ukianza, na mzazi wa Kirundi huona ajabu kukatazwa kumpiga picha mtoto wake mwenyewe. Akirudi Buyenzi hukuta katazo la upande mwingine. Upande wa wanawake katika harusi ya Kiislamu, ambako mitandio huvuliwa na ngoma huchezwa, huenda kamera isiruhusiwe kabisa, au iruhusiwe kwa sharti kwamba kanda isionwe na wanaume wasio maharimu. Utafiti wa Minou Fuglesang uliochapishwa 1994 juu ya wasichana wa Lamu, na ule wa Heike Behrend wa 2013 juu ya upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki, unaonyesha jinsi video za harusi zilivyozua mjadala huohuo miongoni mwa Waswahili wa Kenya. Hapa wepesi wa chombo hupata maana isiyotarajiwa na watengenezaji wake: kamera ambayo shangazi anaweza kuiendesha mwenyewe huiondolea familia haja ya kumwingiza kamerameni mwanamume pale asipotakiwa. Pengine hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kupeleka kinasa video chepesi Buyenzi, na haijaandikwa kwenye boksi lolote.

Yanabaki ya kale. Kaseti za VHS za miaka ya 1980 na 1990 bado zimo makabatini, na joto lenye unyevu la ukanda wa Ziwa Tanganyika si rafiki wa utepe wa sumaku, ambao huota ukungu na gundi yake kulainika. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana ikitengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016, kwa hiyo kila deki nzima iliyopo ni ya kutunzwa, na mafundi wa Buyenzi wanaoweza kuifungua, kusafisha kichwa chake na kubadili mpira wake wana kazi ya thamani kuliko wanavyolipwa. Familia nyingine hazina kaseti za kuokoa. Mauaji yalipoingia Bwiza na Buyenzi Machi 1995, maelfu ya watu walikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na anayekimbia hachukui kaseti. Kwa sababu hiyo nakala ya pili iliyokaa Brussels au Oslo ni sehemu ya kinasa video chenyewe, sawa na lenzi. Ughaibuni, ambako picha hupanda zenyewe kwenye hifadhi za mtandaoni, jambo hilo hufanyika bila mtu kulifikiria, na nyumbani halifanyiki mpaka mtu alibebe.

Baada ya yote hayo, uamuzi hauna budi kuwa wa wazi. Kwa malupango mengi ya Buyenzi, fedha ya kamera mpya itafanya kazi zaidi ikinunua simu nzuri iliyowekwa katika Kiswahili, stendi ya miguu mitatu, maikrofoni ya kola na kadi za kumbukumbu, kwa kuwa mikono ya lupango imekwisha kuijua simu. Kamera ya video hubaki na faida pale inapohitajika lenzi ya kuvuta mbali, kama kwa mtoto aliye jukwaani au kwenye uwanja wa mpira, na pale ambapo kijana wa nyumba ameipenda kazi hiyo kiasi cha kuifanya riziki. Kijana huyo apewe yenye tundu la maikrofoni, MP4, na chaguo la 50. Kamera kuukuu ya Ulaya isiyo na chaja, inayotumwa kwa sababu imemchosha mwenyewe, isitumwe. Na yeyote anayefunga mzigo sasa hivi aandike kwa Kiswahili, kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa ubavuni mwa kifaa, maana ya STBY na REC, na chini yake jina la mtu mmoja wa lupangoni ambaye ndiye atakayekaa nacho.